Ukitaka kulala mapema, shika kwanza saa ya kuamka

Wengi wanaotaka kulala mapema huanzia usiku, na hapo ndipo wanapokosea. Mtu aliyezoea kulala saa saba usiku anaamua leo ni leo. Anazima taa saa tatu, anajifunika, kisha anagaagaa mpaka saa saba ileile imkute macho makavu. Kesho yake anasema mwili wake haukuumbwa hivyo. Mwili hauna kosa. Katika muda wa saa mbili tatu kabla ya wakati wake wa kawaida wa kulala, ubongo huwa macho sana, na usingizi hauji hata uuite kwa jina. Usingizi huwezi kuuamuru. Kuamka unaweza. Kwa hiyo saa ya kuamka ndiyo mpini wa kazi hii yote.

Piga hesabu kabla ya kugusa kengele. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi za usingizi. Kijana wa sekondari anahitaji nane hadi kumi, na saa yake ya mwili huchelewa kwa sababu ya umri, si uvivu. Tuseme unalala saa saba usiku na kuamka saa mbili asubuhi, na unataka kuamka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Hapo kuna dakika 150 za kurudisha nyuma. Rudisha dakika 15 kila baada ya siku mbili: siku mbili za kwanza amka saa mbili kasorobo, mbili zinazofuata saa moja na nusu, na kuendelea. Ni hatua kumi, kwa hiyo siku ishirini. Wakati wa kulala nao utarudi nyuma, lakini kwa kuchelewa siku mbili tatu. Usiende kitandani kabla hujasinzia.

Mbona usiruke mara moja? Joto la mwili hushuka hadi chini kabisa kama saa mbili kabla ya muda wako wa kawaida wa kuamka. Mwanga ukiingia machoni baada ya hapo, saa ya mwili husogea mapema. Ukiingia kabla ya hapo, husogea upande wa pili, yaani unachelewa zaidi. Aliyezoea kuamka saa mbili asubuhi akijitupa nje ya kitanda saa kumi alfajiri na kuwasha taa kali, anajivuta kurudi alikotoka. Hiyo ndiyo sababu ya wengi kushindwa juma la kwanza, ingawa walijitahidi kweli.

Dawa kubwa ni jua, na hapa kwetu halina bei. Kisumu jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika ishirini hivi mwanzoni mwa Novemba, na karibu saa moja kasoro dakika kumi katika Februari. Nakuru hutangulia kwa kama dakika tano. Tofauti ya mwaka mzima ni kama nusu saa tu. Wazungu wa kaskazini wana miezi ambayo jua halitui hadi usiku wa manane karibu, na wanahangaika na mapazia mazito. Sisi tuko juu ya ikweta, tumepewa kengele isiyobadilika.

Itumie hivi: ukiamka tu, au kukipambazuka kama umeamka gizani, toka nje kwa dakika 20 hadi 30. Fagia uwanja, nywea chai barazani, tembea mpaka stejini badala ya kuchukua boda. Usilikodolee jua macho. Hata kukiwa na mawingu, mwanga wa nje huzidi ule wa chumbani mara nyingi sana, kwa hiyo kusimama dirishani si sawa na kutoka.

Jioni fanya kinyume. Wanaokaa chumba kimoja kwenye ploti, yaani nyumba za kupanga zilizoshikana, wanajua tatizo: kitanda, runinga, jiko na vitabu vya watoto viko chini ya balbu moja nyeupe inayowaka kama ya dukani. Balbu hiyo iache kwa mapishi na kazi za shule. Saa moja kabla ya kulala, izime na uwashe taa ndogo ya manjano ya wati tatu hivi, iliyowekwa chini, nyuma ya kiti au ukutani mbali na macho. Simu ipunguze mwanga hadi mwisho, na usiishike karibu na uso. Ila tuseme ukweli, kinachokesheza watu zaidi ya mwanga wa simu ni video inayofuatwa na video nyingine.

Chai ndiyo mwizi asiyeshukiwa. Kafeini huchukua kama saa tano kupungua nusu, kwa hiyo kikombe cha saa moja jioni bado kina nusu yake mwilini saa sita usiku. Cha mwisho kiwe saa nane mchana. Saa kumi, watu wakikaa kunywa chai, chukua uji wa wimbi, au maziwa moto yenye tangawizi bila majani. Mwenyeji hatakasirika, sema tu majani yanakukesheza.

Chakula cha usiku kiishe saa mbili au tatu kabla ya kulala. Nyumba nyingi hula baada ya taarifa ya habari, na ugali haupikwi mpaka kila mtu arudi. Kama huwezi kubadilisha hilo, punguza tonge lako la usiku na ule zaidi mchana. Pombe huleta usingizi haraka, halafu hukuamsha saa tisa usiku ukiwa na kiu.

Joto la chumba linategemea unakokaa. Mwili lazima upoe kidogo ndipo usingizi ushike. Kisumu, kuta za mawe zilizopigwa na jua mchana hutoa joto mpaka usiku, kwa hiyo jua likitua fungua madirisha mawili yanayoelekeana ili upepo upite, mradi yawe na wavu. Neti huzuia upepo, lakini usiiache, kanda ya ziwa ina malaria mwaka mzima. Isogezee feni karibu, neti yenyewe ichomeke chini ya godoro pande zote, na angalia isiguse mkono wako ukilala, kwa sababu mbu humuuma mtu kupitia matundu ya neti. Mbu mmoja aliyefungiwa ndani ni mbaya kuliko kumi walio nje: mulika pembe za juu kwa tochi kabla ya kulala. Nakuru shida ni baridi ya alfajiri. Huko weka sweta na soksi kwenye kiti unachofikia bila kutoka ndani ya blanketi, maana usingizi wa pili wa wengi si usingizi, ni kuogopa sakafu. Kote kuwili, kuoga maji ya vuguvugu saa moja au mbili kabla ya kulala husaidia: damu husogea kwenye ngozi na joto la ndani hutoka.

Ukilala dakika ishirini hivi bila usingizi, ondoka kitandani. Keti kwenye kiti, mwanga ukiwa hafifu, kunja nguo au chambua maharagwe ya kesho, kisha urudi ukianza kusinzia. Ukibaki unageuka na kuhesabu saa zilizobaki, kitanda kinajifunza kuwa mahali pa wasiwasi. Saa ya ukutani igeuze isikutazame.

Kuhusu kengele: simu iwekwe mbali, ndani ya sufuria tupu juu ya meza. Sufuria huikuza sauti, na itakulazimu kufungua neti na kusimama. Ila ukuta wa ploti ni mwembamba, izime upesi kabla jirani hajakujua. Kagua pia kama ni asubuhi au jioni. Saa kumi na moja na nusu alfajiri kwenye simu ni 5:30 ya asubuhi. Wako waliochelewa basi la Nairobi kwa kuweka 11:30. Usiahirishe kengele kwa dakika tisa tisa: uzito wa kichwa baada ya kuamka huisha wenyewe katika dakika 15 hadi 30, na kila ukirudi kulala unauanza upya. Maji usoni, taa, na miguu nje.

Jumamosi na Jumapili ndizo huvunja kazi. Usichelewe kuamka kwa zaidi ya saa moja kuliko siku nyingine za wiki. Mechi nyingi za Ligi ya Mabingwa ya Ulaya huanza saa tano usiku kwetu, au saa nne pale Ulaya wanapokuwa wamesogeza saa zao mbele. Ukiamua kutazama, tazama, kisha amka saa ileile na ulipe deni kwa usingizi wa dakika 20 kabla ya saa tisa alasiri. Vivyo hivyo baada ya kesha la kanisani au matanga: kurudi kwenye ratiba huanza na asubuhi hiyohiyo.

Vidonge vya mafua vinavyosinzisha, Piriton na jamii yake, si njia. Huacha uzito kesho yake, na mwili huvizoea haraka. Na kama unakoroma kwa nguvu, aliye karibu nawe akakwambia pumzi hukatika kisha ukashtuka, au unasinzia mchana hata baada ya saa nane za usingizi, nenda hospitali ukaeleze hivyohivyo. Nenda na huyo aliyekusikia, kwa sababu yeye ndiye shahidi.