Kukadiria Umri na Mtindo wa Rafu Kuukuu ya Mbao

Mwenye kutaka kujua umri wa rafu ya mbao aliyoirithi au kuinunua katika miji ya pwani, iwe Mombasa, Lamu au Unguja, hana budi kuanza kwa kuigeuza. Uso wa mbele hupigwa msasa na kupakwa vanishi upya kila rafu inapobadilisha mwenyewe, ilhali mgongo na upande wa chini wa mbao huachwa jinsi seremala alivyoviacha. Iteremshe ukutani, uilaze kifudifudi karibu na dirisha wakati jua linapopiga kwa upande, na usiifute kwa chochote zaidi ya kitambaa kikavu.

Tazama kwanza alama za msumeno. Mistari iliyonyooka lakini isiyolingana ni ya mbao iliyopasuliwa kwa mkono. Mistari ya upinde, kama vipande vya duara kubwa, ni ya msumeno wa mviringo wa mashine, ambao ulienea viwandani katika karne ya 19. Hata hivyo, kanuni hii ya Ulaya inatufaa kwa kiasi tu, kwa kuwa Afrika Mashariki magogo yameendelea kupasuliwa kwa mkono muda mrefu baada ya mashine kufika. Vipimo vya inchi navyo havithibitishi ukongwe, maana mafundi wetu hadi leo wanaagiza mbao za mbili kwa nne.

Vyuma husema kweli zaidi. Msumari uliokatwa kutoka bamba la chuma una shina lenye pembe nne, linalopungua kuelekea nchani, nao ulianza kuupisha msumari wa waya, wenye shina la mviringo, mwishoni mwa karne ya 19. Skrubu yenye ncha butu kwa kawaida ni ya kabla ya katikati ya karne hiyo, ilhali skrubu inayofunguliwa kwa bisibisi ya nyota haikuwapo kabla ya miaka ya 1930. Fungua moja kwa uangalifu, kisha uchungulie tundu lake. Ukiona mduara mweusi wa kutu usiolingana na kichwa cha skrubu uliyoitoa, ujue kwamba skrubu ya awali ilibadilishwa, na kwa hiyo hii ya sasa haikupi tarehe ya rafu yenyewe.

Muuzaji mmoja aliwahi kunihakikishia kwamba rafu yake ya mvule ilikuwa ya enzi za Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888. Mbao zilikuwa nzito na zimeiva weusi, nami nilikuwa karibu kukubali. Lakini kila tundu la skrubu za nyota lilikuwa safi ndani, bila doa la kutu, na mgongoni palikuwa na nafasi ya bawaba iliyozibwa kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao. Mbao zilikuwa za mlango wa zamani. Rafu ilikuwa changa kuliko mimi. Kipande kichanga zaidi kilichofungwa tangu mwanzo ndicho kinachoweka mpaka wa umri, si mbao iliyo kongwe zaidi.

Wadudu pia hutoa ushahidi wa aina hiyo. Bungua hutoboa na kutokea nje kwa vitundu vya mviringo. Ukikuta njia zao zimelala wazi juu ya mbao kama vifereji, basi mbao hiyo ilirandwa au kupasuliwa baada ya kuliwa, na yaelekea ilitumika kwingine hapo awali. Mgongo wa plaiwudi, ikiwa ni wa asili, huashiria karne ya 20, na chipibodi huwa ni ya baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Mtindo ninauacha mwisho kwa makusudi, kwa sababu nakshi huigwa kuliko kitu chochote. Nguzo ndogo za kukerezwa hunifanya niwafikirie mafundi wa Kihindi. Mawaridi na minyororo ya kuchonga hufuata nakshi za milango ya pwani. Pembe zilizoviringwa zisizo na mapambo mengi huelekeza kwenye miaka ya 1930 na kuendelea. Mtindo ukipingana na skrubu, mimi huiamini skrubu, na makadirio huyaandika kama kipindi, kwa mfano “kati ya 1930 na 1950”, kwenye kipande cha karatasi kinachofungwa kwa uzi mgongoni mwa rafu.