Jinsi ya kufunza mavolantia wa kupeleka vijana Longonot (na kurudi nao wote)

Likizo ikikaribia watu wa makanisa na vikundi vya mtaa huanza kuniuliza, tuko na wazazi na vijana wamejitolea kupeleka watoto kupanda mlima, sasa tuwafunze nini? Wengi hudhani nitaanza na mafundo ya kamba na kuwasha moto. Zii. Volantia ajue kuhesabu watoto, alafu ajue kusema "tunarudi" mbele ya watu wamelipa nauli. Mafundo atajifunza baadaye akipenda.

Natumia Longonot kama mfano kwa sababu vikundi vingi vya Nairobi na Nakuru huanzia hapo na watu huudharau. Kilele ni mita 2,776, kutoka geti hadi ukingo wa kreta (lile shimo la volkano juu ya mlima) ni kilomita kama 3, na ukitaka kuzunguka ukingo wote unaongeza 7 na kitu juu yake. Njiani hakuna maji, kivuli ni cha kubahatisha, na nyati wapo.

Hatua ya 1: Chuja watu kwanza

Kila mtu alete cheti cha maadili mema kutoka DCI (idara ya upelelezi wa jinai), na majina ya watu wawili wanaomjua ambao utawapigia simu kweli, si kuandika tu namba kwa fomu na kuweka kwa faili. Usione aibu hata kama ni mzee wa kanisa. Alafu waambie sheria moja mapema: hakuna mtu mzima anabaki na mtoto mmoja mahali hawaonekani, si kwa hema, si kwa gari, na hakuna kuchati na mtoto kando usiku. Hiyo sheria inamlinda mtoto na inamlinda volantia pia. Akinuna kusikia hivo mshukuru kwa muda wake na umwache nyumbani.

Hatua ya 2: Huduma ya kwanza, ya mikono

Kenya Red Cross na St John Ambulance wote wanafunza, lipieni. Ila cheti peke yake hakitoshi, rudieni wenyewe yale ya mlimani: kifundo cha mguu kuteguka, mtoto kuzidiwa na jua, pumu, nyoka. Hapo kwa nyoka ndo utashangaa, kuna watu wazima na degree zao bado wanaamini unachanja na wembe unyonye sumu, ama unafunga kamba hadi mguu ugeuke rangi. Mwambie hapana mara tatu. Toa viatu na chochote kinachobana kabla mguu haujavimba, funga mguu na kijiti usisogee, mtoto abebwe asitembee, na safari ya hospitali ianze saa hiyo hiyo. Kifutu hukaa kimya njiani bila kukukimbia, kwa hivyo watoto wafunzwe kuangalia wanapokanyaga.

Inhela inakaa kwa mfuko wa mtoto mwenyewe. Si kwa basi.

Hatua ya 3: Pandeni bila watoto

Hii hatua watu huiruka kuokoa pesa na ndo ya maana kushinda zote. Peleka mavolantia wenyewe, na begi zao zikiwa na uzito kamili, maji lita 2 kila mtu na ziada ya watoto. Waache waone ile vumbi laini ya kijivu kwa njia ya kushuka, inateleza kama unga, na ujiulize watoto wa miaka 12 wakianza kukimbizana hapo itakuwaje. Waandike mahali simu inapoteza network. Kila mmoja aongoze kipande cha njia kwa mwendo wa yule anayechoka haraka, maana wa mbele akitembea kama yuko kwa mashindano kundi linakatika na wa nyuma hujui wako wapi.

Mkiwa hapo hapo juu kubalianeni saa ya kugeuka. Kama mmesema saa sita, ni saa sita, hata kama kilele mnakiona.

Hatua ya 4: Zoezi la kuhesabu

Mnong'onezee mmoja wao ajifiche nyuma ya kichaka wakati mnapumzika, alafu nyamaza. Angalia wengine watachukua muda gani kugundua. Mara nyingi wanatembea kabisa, wanapiga stori, na yule jamaa ako nyuma anawacheka. Baada ya hapo hakuna anayebisha kuhusu namba: kila mtoto ana namba yake, wanaita kwa sauti kila kituo, na wa mwisho kabisa ni mtu mzima mwenye leso nyekundu begani ambaye hapitwi na yeyote.

Hatua ya 5: Mazoezi ya kurudi

Hapa nawapa kisa cha Hell's Gate, pale pale jirani. Septemba 2019 watu 7 walikufa wakiwa matembezini kwa korongo, mafuriko ya ghafla yaliwasomba. Korongo halingoji mvua ikunyeshee wewe, ikinyesha juu huko mbali maji yanakufuata. Kwa hivyo msimu wa mvua usiingize watoto kwa korongo, na ukingoni mwa kreta ukisikia radi shukeni, msirudi juu hadi dakika 30 zipite bila kusikia nyingine.

Kujua si kazi, kazi ni kusema. Igizeni: mmoja awe mzazi mwenye hasira ("tumelipa, mtoto amejitayarisha wiki mzima!"), mwingine awe kijana anabembeleza, volantia aseme tunarudi na asijitetee kwa maneno mengi. Kanuni yetu ni kwamba volantia yeyote akisema turudi tunarudi, hata kama ni mgeni, na mjadala unafanyika geti.

Hatua ya 6: Makaratasi

Fupi tu. Ruhusa ya mzazi, magonjwa na dawa, namba mbili za simu. Nakala moja iko na wewe, nyingine iko na mtu aliyebaki nyumbani ambaye anajua mnafaa kuwa mmefika geti saa ngapi na atapigia nani mkichelewa. 999 na 112 ziwe kwa simu ya kila volantia, pamoja na namba ya geti la KWS (shirika la wanyamapori).

Volantia mpya safari ya kwanza asiongoze, akae nyuma na yule wa leso. Na mkirudi, kabla basi halijatoka, kila mtu mzima aseme ni wapi roho ilimruka, iandikwe kwa kauntabuku, na mafunzo yanayofuata yaanze kwa kusoma hiyo kauntabuku.