Jinsi ya kulinganisha uchumi wa Ulaya na Asia

Swali ni kwa nini Ulaya iliitangulia Asia kwa viwanda. Usilinganishe mabara mazima. Chagua maeneo yanayokaribiana, mathalani Uingereza na delta ya mto Yangtze huko China, kisha uweke kipindi, tuseme 1700 hadi 1850. Ukiiweka Uingereza dhidi ya China nzima, umekosea kabla hujaanza.

Tafuta ujira wa kibarua kwa siku, uugeuze kuwa gramu za madini ya fedha, halafu ugawanye kwa bei ya kilo moja ya nafaka. Wengi huishia kwenye gramu, na hesabu huharibika hapo, kwa sababu mara nyingi fedha ilinunua chakula kingi zaidi Asia. Kibarua wa mjengo Nairobi hupima shilingi zake kwa pakiti za unga. Fanya vivyo hivyo.

Muda wako mwingi upe nishati. Makaa ya mawe ya Newcastle yalifika London kwa meli, kwa bei nafuu, huku ujira wa Uingereza ukiwa juu. Mashine zikalipa kuliko vibarua. Akiba kubwa za makaa za China zilikuwa Shanxi, kaskazini, mbali na wafumaji wa Yangtze.

Kisha weka mabavu ya dola: vita vya Plassey vya 1757, vilivyowapa Waingereza nguvu Bengal, India, na Vita vya Afyuni, Uingereza dhidi ya China, 1839 hadi 1842. Ukiyaacha, utabaki kusifu bidii ya Wazungu, jambo lisiloeleza chochote.

Ijaribu hoja yako kwa Japani, iliyojenga viwanda baada ya 1868. Dai kwamba utamaduni wa Asia ulizuia maendeleo huanguka hapo.