Homa ya ini kwenye dayalisisi: chanjo, glavu na safari za Desemba

Kabla hujaunganishwa mara ya kwanza na mashine ya dayalisisi, inayosafisha damu figo zikifeli, iwe Moshi au Arusha, pimwa homa ya ini B, homa ya ini C na VVU. Ukikutwa huna kirusi cha B wala kinga yake, anza chanjo bila kusubiri.

Hapa ndipo makosa hutokea. Figo zikifeli, kinga ya mwili hulegea, hivyo dozi ya kawaida ya mtu mzima, maikrogramu 20, mara nyingi haitoshi. Kwa chanjo hiyo mgonjwa wa dayalisisi hupewa 40 kila awamu: siku ya kuanza, kisha baada ya mwezi 1, miezi 2 na miezi 6. Ichomwe begani, mkono usio na fistula (mshipa uliounganishwa kwa upasuaji ili kuchomwa sindano za mashine). Mwezi mmoja au miwili baada ya sindano ya mwisho, pima kinga. Ikiwa chini ya 10 (mIU/ml, kipimo cha kinga kwenye damu), rudia awamu zote. Ikifika 10, ipimwe kila mwaka. Damu ya kupima kirusi itolewe kabla ya kuchanjwa, maana chanjo yenyewe inaweza kuleta jibu la uongo kwa wiki kadhaa.

Wengi huogopa mashine. Ogopeni zaidi mikono na chupa moja ya heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda) inayochotwa kwa sindano kwa ajili ya wagonjwa kadhaa. Dawa iandaliwe mbali na vitanda, ije kwenye sindano ya mtu mmoja. Kirusi cha B huishi siku 7 na zaidi kwenye damu iliyokauka, hata tone lisiloonekana kwenye kitufe cha mashine au mkono wa kiti. Nesi akitoka kwa jirani yako na glavu zilezile, mwambie tu: "Dada, samahani, naomba ubadilishe glavu." Ni haki yako kabisa. Damu ikimwagika, jiki ya asilimia 3.5 ichanganywe kikombe 1 kwa 6 vya maji, ikae dakika 10.

Mwenye B anahitaji chumba na mashine yake. Mwenye C au VVU hahitaji. Kumtenga ni kumwonea. C hupimwa kila miezi 6, nayo hutibika kwa vidonge, hata ukiwa kwenye dayalisisi.

Desemba, ndugu wanaporudi nyumbani mkoani Kilimanjaro kwa Krismasi, wagonjwa wageni hujaza vitanda. Mgeni aje na majibu yake mapya na kadi ya chanjo. Nawe ukisafishwa damu kwingine, ukirudi mweleze nesi kabla hujaketi, upimwe upya.