Kabla Hujalipia Chumba Kando ya Maji: Mambo ya Kuzingatia kwa Anayetafuta Utulivu kwa Bei Nafuu

Picha za nyumba ya wageni hazina sauti. Utaona machweo, utaona kiti cha kulalia chini ya kivuli na maji yaliyotulia, lakini hutasikia jenereta lililo nyuma ya ukuta wala spika za baa ya jirani. Ndiyo maana mtu anaweza kulipia chumba kizuri kwa macho, kisha akarudi kutoka likizoni amechoka kuliko alivyoondoka. Nyumba ndogo ya bei nafuu inaweza kukupa mapumziko matamu kuliko hoteli kubwa, na hilo naliamini kwa dhati. Ila hoteli kubwa ina watu wanaolipwa kukuwazia mambo mengi. Kwenye gesti ya vyumba vichache, mambo hayo unayauliza mwenyewe, na wakati wa kuyauliza ni kabla hujatuma hela.

Anza na kelele. Ukimwuliza mwenye nyumba kama pametulia, atakujibu ndiyo. Nani angejibu hapana? Uliza maswali yanayodai jibu mahususi. Muziki wa jirani huzimwa saa ngapi siku ya Jumamosi? Jenereta liko upande gani, na umeme ukikatika huwashwa mpaka saa ngapi? Chumba kipi kiko mbali na jiko, mapokezi na mlango wa kuingilia? Boti za injini hutoka saa ngapi alfajiri? Kuta kati ya chumba na chumba ni za tofali au za mbao? Anayeijua nyumba yake na asiye na la kuficha atakujibu moja kwa moja, pengine akupendekezee chumba cha pembeni kabla hujakiomba. Anayekuzungusha kwa sifa za mandhari, mshukuru kwa muda wake na utafute kwingine.

Kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii: kando ya maji, jirani yako si wa upande wako tu. Hewa iliyo juu kidogo ya maji inapokuwa baridi kuliko ile ya juu zaidi, jambo la kawaida jioni na usiku wakati hakuna upepo, sauti hupinda kurudi chini badala ya kupotelea angani. Kwa hiyo muziki wa ng'ambo ya ghuba au ziwa unaweza kukufikia kitandani ukiwa wazi kabisa. Baharini mawimbi husaidia kuumeza. Kwenye ziwa tulivu hakuna cha kuumeza. Kabla ya kuchagua, fungua ramani ya picha za setilaiti uitazame nyumba pamoja na kilicho mbele yake upande wa pili wa maji: kumbi, gati, viwanda, barabara kuu. Ramani hiyohiyo itakuonyesha pia kama "dakika mbili kutoka ufukweni" ni njia ya miguu inayopitika kweli au ni mstari ulionyooka juu ya uzio wa mtu.

Maoni ya waliotangulia yana faida, mradi uyasome kwa jicho la kutafuta. Yaliyojaa sifa tupu na yaliyojaa hasira hayasemi mengi. Ya katikati, yaliyoandikwa karibuni, ndiyo yenye habari: mtu aliyeridhika lakini akataja kwamba maji ya bomba hukatika mchana, au kwamba Ijumaa kulikuwa na sherehe jirani. Siku yenyewe ina uzito wake. Nyumba iliyo kimya Jumanne inaweza kuwa na kelele kama soko Jumamosi. Ukiweza kupanga likizo yako katikati ya wiki na nje ya msimu wa sikukuu, utapata bei ya chini na ukimya kwa mkupuo mmoja.

Hilo jenereta lina jambo zaidi ya kelele. Moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu wakiwa usingizini. Lisiwe chini ya dirisha lako wala kwenye baraza iliyozibwa. Heta ya maji ya gesi iliyofungwa ndani ya bafu lisilo na tundu la hewa ina hatari ileile. Hapa sioni nafasi ya kuoneana haya: omba chumba kingine au nyumba nyingine.

Sasa maji yenyewe. Neno "ufukweni" linaficha tofauti kubwa, na ratiba ya siku zako itapangwa na maji kuliko na wewe. Baharini, sehemu nyingi maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Maana yake nyakati husogea mbele kama dakika 50 kila siku: yakijaa saa 4 asubuhi Jumatatu, Ijumaa yatajaa karibu saa 7 na dakika 20 mchana. Mwezi ukiandama na mwezi mpevu huleta bamvua, siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, tofauti hupungua. Kwenye pwani tambarare, bamvua likipwa unaweza kukuta mbele ya chumba chako tope, mwani na mwamba kwa mamia ya mita, hakuna pa kuogelea mpaka yarudi. Wengine huja kwa ajili ya matembezi ya maji kupwa na hufurahi. Anayetaka kuogelea kila asubuhi atasononeka. Tofauti kati ya mahali na mahali ni kubwa mno: Ghuba ya Fundy huko Kanada hufikia kama mita 16 kati ya kupwa na kujaa, wakati sehemu nyingi za Bahari ya Mediterania hazifiki hata nusu mita. Basi tazama jedwali la maji la eneo unalokwenda kabla ya kuchagua tarehe. Ukilitazama baada ya kufika, halikusaidii.

Kuogelea ndiko kunakohitaji umakini kuliko yote. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na nyumba ndogo mara nyingi haina mlinzi wa waogeleaji. Uliza wenyeji huogelea wapi, kisha uliza wapi hawaendi na kwa nini. Jibu la swali la pili lina thamani zaidi. Kwenye fukwe zenye mawimbi, jifunze kuutambua mkondo unaorudi baharini. Huonekana kama njia nyeusi kidogo ambayo mawimbi hayavunjiki, povu na takataka zikielekea nje. Mgeni huiona ndiyo sehemu iliyotulia, akaingia hapohapo. Ukishikwa, usipambane nao kurudi ufukweni: elea, pumua, ogelea sambamba na ufuko mpaka utoke kwenye mkondo, ndipo urudi. Usipoweza kutoka, endelea kuelea, inua mkono na uite. Mtoto mdogo awe umbali wa mkono wako wakati wote, hata maji yakimfika magotini, na simu ikae mfukoni.

Ziwa na mto vina maswali yake. Katika maeneo ya joto yenye kichocho, vijidudu hutoka kwa konokono wa maji baridi na kupenya kwenye ngozi, hasa pembezoni penye majani na maji yanayotembea polepole. Kujifuta taulo haraka si kinga ya kutegemea. Maji ya kuoga yaliyokaa kwenye tangi siku 1 hadi 2 bila kuingiwa na konokono huhesabiwa kuwa salama, kwa hiyo uliza bafu linapata maji wapi. Ukiogelea licha ya hayo, mweleze daktari na upime wiki 6 hadi 8 baadaye; dawa ipo na inafanya kazi. Kama kuna mamba au viboko, wenyeji watakuambia mipaka. Ifuate kama ilivyo.

Kwa safari za boti jambo ni moja: jaketi la kuokoa maisha kwa kila abiria, la saizi yake, na livaliwe. Likiwa limefungiwa chini ya kiti halimsaidii mtu.

Chumba, kwa mwenye bajeti ndogo, kichaguliwe kwa hewa kabla ya mandhari. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, upepo ukavuma kutoka baharini. Usiku mambo hugeuka, upepo mwepesi ukatoka bara kuelekea majini. Chumba chenye dirisha moja tu linalotazama bahari kinaweza kuwa kizuri saa 9 alasiri na kikakosa hewa kabisa usiku. Chenye madirisha pande mbili zinazotazamana hupoa bila kiyoyozi, hata kama kiko nyuma na bei yake ni ya chini. Uliza kuhusu nyavu za madirisha, maana dirisha usiloweza kulifungua usiku ni sawa na ukuta.

Tukigusa nyavu tumegusa mbu. Mbu wa malaria huuma kuanzia jioni mpaka alfajiri. Yule wa dengi huuma mchana, na huzaliana kwenye maji kidogo yaliyosimama: ndoo, sahani za vyungu vya maua, matairi, vifuu. Chandarua kiwe kipana cha kutosha kuchomekwa chini ya godoro pande zote. Kinyanyue kwenye mwanga, tafuta matundu, hasa karibu na mshono wa juu. Kama unakoenda kuna malaria na kwenu hakuna, muone daktari mapema, maana zipo dawa za kinga zinazoanzwa siku 1 au 2 kabla ya safari na zipo zinazotaka wiki 2 au zaidi. Chanjo ya homa ya manjano nayo haihesabiki siku hiyohiyo: cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa. Ukitumia losheni ya jua pamoja na dawa ya kufukuza mbu, losheni hutangulia, ikauke, ndipo dawa ifuate.

Kuhusu hela, bei ya chumba siyo gharama ya kukaa. Ongeza usafiri wa kipande cha mwisho, ambao kwenye sehemu tulivu huwa ghali kwa sababu wenye magari ni wachache, kisha chakula, maji ya kunywa, na tozo ya watalii pale inapotozwa. Uliza kama taulo na kifungua kinywa vimo. Nyumba nyingi ndogo hazipokei kadi, na mashine ya kutolea fedha inaweza kuwa mji mwingine. Usitume malipo yote kwa mtu uliyemfahamu kwa ujumbe wa maandishi tu. Mpigie simu ya video akuonyeshe chumba na njia ya kwenda majini, na masharti ya kurudishiwa hela uyapate kwa maandishi. Mwenye nyumba ya kweli haoni tabu.

Begi lisikusumbue sana. Vizibo vya masikio, tochi, kandambili zinazofunga kisigino kwa ajili ya mwamba, pawabenki, mfuko usiopitisha maji, chumvi za kuongeza maji mwilini za pakiti, na kufuli lako mwenyewe. Nguo ziwe nyepesi, maana hewa ya majini ni nyevu na suruali ya jinzi inaweza kukaa kwenye kamba siku nzima isikauke. Maji ya kunywa yasiyoaminika yachemshwe mpaka yatokote kwa dakika 1, au dakika 3 ukiwa juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari.

Panga kufika kungali mchana. Njia za ufukweni huwa hazina taa, na chumba hukaguliwa vizuri kwa mwanga wa jua. Acha begi bafuni au juu ya meza, usiliweke kitandani. Funua shuka kwenye pembe za godoro, pitisha kidole kwenye mishono, tazama nyuma ya ubao wa kichwani: vidoa vyeusi kama ncha ya kalamu, magamba makavu au wadudu bapa wa kahawia wa milimita 5 hivi ni dalili ya kunguni. Kisha jaribu komeo, bomba, feni na swichi, fungua dirisha na usikilize kwa dakika chache. Kama kuna kasoro, nenda mapokezi palepale na uombe chumba kingine kabla hujafungua begi, kwa upole na kwa jina la mtu uliyeongea naye. Nyumba ikiwa haijajaa, kukuhamisha wakati huo ni kazi ya dakika chache. Saa 4 usiku, wahudumu wakiwa wameshaondoka, huenda usimpate hata wa kumwambia.