Funguo ya gari imepotea Dar na wewe uko ughaibuni? Soma kwanza kabla hujamtuma mtu Kariakoo

Mwaka jana nilirudi Dar wiki tatu, gari yangu IST huwa namwachia mdogo wangu Mbagala anaizungukia. Siku ya nne tumeipaki Magogoni tukapanda pantoni kwa miguu kwenda Kigamboni kula samaki, dogo kaegemea reli anazungusha funguo kidoleni kama mpiga debe wa Gongo la Mboto, mara puu, iko baharini. Spea hatuna, gari ilishuka kutoka Japani na funguo moja na mimi miaka yote nasema nitachonga nyingine kesho.

Tukapiga simu kwa fundi, jamaa kaja na bodaboda na begi mgongoni, kakagua kitasa, kauliza gari ya mwaka gani, funguo yake ina chipu (ile ya kuizuia gari isiwake na funguo nyingine) au haina, akaanza kazi. Haikuwa na chipu. Kafungua mlango kwa kale kachuma kake, kasoma meno, kachonga na mashine ya betri, hata saa haijaisha gari inanguruma. Nilimlipa kwa furaha nikamwongezea na ya soda. Usiku nimelala ndo nikashtuka, yule kauliza gari ya mwaka gani, hakuuliza gari ya nani! Kadi hajaiona, kitambulisho hajakiona, na sisi ni watu wawili tumesimama tu kwenye gari iliyofungwa tunasema ni yetu.

Nilishtuka kwa sababu nimeishi Sacramento, na kule niliwahi kupoteza funguo ya Corolla. Fundi alipofika kitu cha kwanza ni leseni yangu ya udereva, cha pili karatasi za usajili wa gari, akaandika jina, anwani, simu, tarehe ya kuzaliwa, namba ya gari mpaka namba ya chassis, nikasaini, ndo akafungua begi. Nilimwona mnoko kweli kweli. Kumbe sio yeye, ni sheria ya California, fundi akikutengenezea funguo ya swichi bila kuwa na funguo ya kunakili lazima achukue hizo taarifa zote na aziweke miaka miwili, na polisi akija kuziangalia azikute. Asipofanya hivyo kosa ni la kwake. Ila hapo kuna kitu wengi hawakijui, sheria inatofautisha kunakili funguo uliyoishika mkononi na kutengeneza mpya wakati hakuna kitu. Ukienda na funguo yako unataka ya pili kama hiyo, mlolongo wote ule haukuhusu. Kwa hiyo chonga spea leo wakati ya kwanza bado unayo, usiku wa manane ukiwa huna kitu ndo utatafuta karatasi chini ya godoro.

Marekani kila jimbo na lake. California fundi anapewa leseni na Bureau of Security and Investigative Services, Texas ni Department of Public Safety, North Carolina wana bodi yao kabisa ya mafundi vitasa, Illinois na New Jersey nao wanataka leseni, majimbo mengine hayana habari. Halafu juu ya hapo kuna NASTF, hii sio serikali, ni utaratibu wa sekta ya magari yenyewe, fundi anayetaka kuvuta namba za siri (code) za funguo kutoka kwa mtengenezaji wa gari lazima awe amesajiliwa kwao kama Vehicle Security Professional, na kabla hajavuta anajaza fomu kuonyesha kathibitisha gari ni ya mteja. Ukimwona fundi wa Houston anakudai registration usimnunie, analinda mkate wake.

Uingereza ndo utashangaa, fundi vitasa hahitaji leseni yoyote ya serikali, yeyote anaweza kuamka kesho akaandika kwenye gari lake locksmith. Kuna chama cha hiari kinaitwa Master Locksmiths Association kinakagua wanachama wake, basi anzia hapo. Na ile V5C, kadi ya gari ya Uingereza, mnayoikumbatia imeandikwa yenyewe kwamba sio uthibitisho wa umiliki, inaonyesha tu nani kasajiliwa kuitunza gari, kwa hiyo tunza na risiti ya ununuzi.

Sasa turudi Dar. Ukimuuliza fundi wa kuchonga funguo Kariakoo akuonyeshe kibali, atakutolea leseni ya biashara ya halmashauri au kile kitambulisho cha mjasiriamali mdogo, ambacho kinamruhusu kufanya biashara lakini hakisemi chochote kuhusu gari ya nani anaruhusiwa kuifungua. Usichukulie poa lakini. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 22 kinasema anayemsaidia au kumwezesha mtu kutenda kosa anahesabiwa naye katenda, yaani fundi akichonga huku anajua gari ni ya wizi hawezi kusema mimi nilichonga tu. Ndo maana mafundi wenye akili siku hizi wanapiga picha kadi na mteja hata bila kuambiwa. Mtafute wa hivyo, hata kama ana foleni.

Na wewe uliye mbali, shida yako sio fundi, ni karatasi. Gari ina jina lako, uko Leeds, funguo kapoteza binamu, polisi wakimkuta saa nne usiku Shaurimoyo na fundi ndani ya bonet atajieleza nini? Mwachie kopi ya kadi (orijino usiiache ndani ya gari, nawaona), kopi ya kitambulisho chako, na barua yenye saini yako inayosema fulani anaitunza gari namba fulani, chassis namba fulani, na ana ruhusa ya kutengenezesha funguo. Ikipigwa muhuri wa wakili ni bora zaidi. Barua hiyo ni ya funguo na matunzo tu, akitaka kuuza ni habari nyingine kabisa, pawa of atoni ya kuuza usiitoe kirahisi hata kwa ndugu wa tumbo moja. Funguo ikipotea achukue loss report ya polisi, siku hizi inaombwa mtandaoni, siku gari ikiibiwa na bima wakaanza kuuliza funguo ya pili iko wapi utakuwa na cha kuonyesha.

Wapo pia ambao kadi bado ina jina la aliyewauzia, mwaka wa tatu huu hamjaenda TRA kubadilisha. Hapo fundi mwaminifu akikugomea ana haki yake.

Kitu cha mwisho, rimoti za kununua eBay. Dada mmoja Birmingham kamtumia mumewe smart key (ile rimoti inayowasha gari bila kuchomeka funguo) ya Harrier, nzuri, imefika na DHL, haikuwasha kitu. Gari za Japani rimoti zake ziko kwenye masafa ya 315 MHz hivi, za Ulaya ni 433, haziongei. Na smart key iliyotumika kwenye Toyota nyingine inakuwa imeshajifunga na ile gari yake, lazima ifunguliwe kwanza ndo ikubali kwako. Dila wa Uingereza naye ukimpa chassis ya Kijapani, ile inayoanza kwa mfano NCP60 halafu namba, mfumo wake unataka herufi na tarakimu jumla 17, atakwambia gari haipo. Kwa hiyo funguo ya gari ya Dar tengenezea Dar.

Funguo zikipotea zote kwenye Toyota yenye imobilaiza (mfumo wa ile chipu), mashine ya fundi mara nyingi inangoja dakika 16 ndo gari ikubali funguo mpya, msimkimbize akiwa amekaa tu anachezea simu. Akimaliza mwambie afute funguo zote za zamani kwenye kompyuta ya gari kisha akuonyeshe idadi iliyobaki kwenye skrini. Umetengenezewa mbili, isome mbili. Ikisoma tatu usilipe kwanza.