Rege: besi na dramu zikutane kwenye pigo la tatu
Bendi nyingi za hotelini Mombasa huharibu rege kwenye pigo la kwanza. Liacheni tupu. Wekeni metronomu (kifaa cha kuhesabia mapigo) mapigo 140 kwa dakika, hesabuni hadi nne, kisha dramu kubwa na snea (dramu ndogo yenye mlio mkali) zigonge pamoja kwenye la tatu, kama Carlton Barrett, mpiga dramu wa The Wailers, bendi ya Bob Marley. Besi ya nduguye, Aston, isikilizeni hasa pale anaponyamaza. Mpiga besi apunguze sauti kali, azime nyuzi kwa kiganja, asijaze mapengo. Gitaa lipige kwa mkato kwenye la pili na la nne. Mkianza kukimbia, yaani mwendo ukiongezeka, mara nyingi hai-hati (matoazi mawili ya kukanyaga kwa mguu) imejazwa mno, ipunguzeni. Nyuzi zifutwe kila mkimaliza, chumvi ya pwani huzila.